Tuleteeni Msimbo Wetu

Chukua simu yako ya Android, ile uliyoinunua sokoni Kikula, hapa Likasi, baada ya kuvutana bei mpaka koo likakauka. Ingia Mipangilio, shuka mpaka Kuhusu simu, gusa Maelezo ya kisheria, kisha Leseni. Yatamwagika maandishi ya Kiingereza yasiyo na mwisho. Usikate tamaa, endelea kushuka. Kati ya majina ya watu na ya makampuni utazikuta herufi tatu: GPL. Hapo umeshika hati ya deni. Kiwanda kilichoitengeneza simu hiyo huko Shenzhen, na mfanyabiashara aliyeipitisha mpakani Kasumbalesa, wanadaiwa kitu, na mdai ni wewe. Kama hawajakupa, ni kwa sababu wana hakika kwamba hutadai. Naandika makala haya ili uanze kudai.

Deni lenyewe ni hili. Android yote imesimama juu ya Linux, kiini cha programu kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Mwaka uliofuata alikiweka chini ya leseni ya GPL, iliyobuniwa na Mmarekani Richard Stallman. Leseni hiyo haiombi pesa. Inakuruhusu kuitumia programu, kuinakili, kuibadilisha, hata kuiuza. Inachotaka ni kwamba ukimpa mtu mwingine programu hiyo, umpe na msimbo chanzo wake, yaani yale maandishi ambayo fundi anaweza kuyasoma na kuyarekebisha, na umwachie uhuru uleule uliopewa wewe. Huo ndio utaratibu uitwao kopilefti. Kifungu cha 3 cha toleo la pili, la Juni 1991, hakimwachii mfanyabiashara mlango wa nyuma: ama atoe msimbo pamoja na bidhaa, ama aambatanishe ahadi ya maandishi, yenye nguvu kwa miaka isiyopungua 3, kwamba mtu yeyote atakayeuomba atapewa kwa gharama isiyozidi ile ya kunakili na kutuma. Na si msimbo nusunusu. Ni msimbo kamili, pamoja na hati za kuujenga na kuusakinisha.

Mtu yeyote. Siyo mnunuzi wa kwanza peke yake. Simu iliyotumika Dubai, ikauzwa tena Lubumbashi, ikafika Likasi mikononi mwa mtu wa tatu, bado inabeba ahadi hiyo. Mama anayeuza unga wa mahindi Kikula ana haki ileile aliyo nayo injinia wa Berlin. Niambieni, ni mikataba mingapi ya dunia hii inayomweka mtu wa Kikula sawa na mtu wa Berlin? Wakubwa wametia saini juu ya shaba yetu tangu enzi za kampuni ya Union Minière bila kutuuliza. Huu hapa ni mkataba mmoja uliotutengea fungu letu tangu siku ulipoandikwa, na tunauacha ukauke kwa uvivu wa kutousoma.

Hasara yake naiona barabarani. Yupo fundi mmoja kijana, meza yake iko kando ya njia hapa Kikula: mwavuli juu, taa ya kukuza, chuma cha kulehemu, betri ya gari kwa ajili ya saa za giza. Aliletewa simu yenye kioo kilichopasuka. Akaagiza kioo kipya Lubumbashi, cha modeli ileile, akakifunga kwa mkono mwepesi. Simu ikawaka, ikalia, ikatetemeka, lakini kioo kikabaki cheupe kama karatasi. Kumbe kiwanda kilitumia vioo vya watengenezaji tofauti kwa modeli moja, na kiini cha simu ile kinakitambua kimoja tu. Dawa iko ndani ya kiini: unaongeza dereva, yaani programu ya kukiendesha kioo kipya, unakijenga kiini upya, unakirudisha kwenye simu. Kijana yule anaisoma lugha ya C, amejifundisha mwenyewe. Anachokosa ni msimbo wa simu ile, kwa sababu kiwanda kimeukalia. Akabaki na njia mbili: kupakua kwenye intaneti faili lililojengwa na mtu asiyemjua na kuliingiza ndani ya simu ya mteja pamoja na lolote lililofichwa humo, au kukiri kwamba imeshindikana. Akakiri.

"Mwanangu, si umeweka kioo kipya?" mwenye simu alimwuliza.

"Nimeweka, mama. Kioo ni kizima. Wenye kiwanda ndio wametuficha dawa."

Yule mama aliondoka na simu nzima isiyofaa kitu, na kijana akakosa ujira wake. Mtu asiniambie hiyo ni bahati mbaya. Kifungu cha 4 cha leseni kinasema kwamba anayesambaza programu kinyume cha masharti, haki yake ya kuisambaza inakoma papo hapo. Kwa hiyo kila katoni ya simu inayoshushwa bila msimbo na bila ahadi ya maandishi ni katoni ya nakala zisizo na ruhusa. Kijana akikamatwa na nakala za nyimbo za watu tunamwita mwizi mchana kweupe. Kontena zima la nakala haramu za kazi ya maelfu ya waandishi likipita mpakani, tunahesabu ushuru na kulifungulia njia.

Kuna jibu ninalolisikia kila ninapolianzisha jambo hili, na linanichoma kila mara: "Lakini si programu za bure hizo? Zina mwenyewe kweli?" Zina wenyewe! Kisima cha mtaa hakina kufuli, kila mtu anachota, lakini anayekuja kukijengea ukuta na kuwatoza majirani atakiona cha moto. Kutolipisha ni uamuzi wa mwenye mali, na masharti aliyoyaweka ni uamuzi wake pia. Huwezi kupokea zawadi na kulikataa neno lililokuja nayo.

Mahakama zimelisema hili tangu zamani. Mjini Munich, tarehe 19 Mei 2004, mahakama ilithibitisha amri dhidi ya kampuni ya Kiholanzi ya Sitecom, iliyouza vifaa vya intaneti vyenye programu ya netfilter bila kutimiza masharti ya GPL. Aliyeishtaki alikuwa Harald Welte, mmoja wa waandishi wa programu hiyo. Paris ikafuata tarehe 16 Septemba 2009, na kesi hii ya Paris inatuhusu zaidi, kwa sababu aliyeitetea GPL hakuwa mwandishi wa programu. Alikuwa mteja! Shirika la mafunzo ya ufundi la AFPA liliuziwa mitambo na kampuni ya Edu4. Ndani yake mlikuwa na programu ya VNC, jina la mwandishi limefutwa, msimbo haukutolewa. Mahakama ya rufaa ikaona kwamba Edu4 haikutimiza wajibu wake. Mnunuzi alisimama mbele ya hakimu, akasema nimenyimwa kilicho changu, akasikilizwa.

Na sasa Orange. Jina hilo halihitaji kutambulishwa Likasi: mwaka 2011 iliinunua Congo Chine Télécom, mwaka 2016 ikaichukua Tigo, na nusu ya watu ninaowafahamu wananunua salio kwake. Huko kwao Ufaransa kulikuwa na ushirika mdogo wa wataalamu uitwao Entr'ouvert, ulioandika programu ya Lasso, ya kumtambua mtumiaji anayeingia kwenye huduma za mtandaoni. Waliitoa chini ya GPL, na asiyetaka masharti hayo aliweza kuwalipa kwa leseni nyingine. Orange ilipata zabuni ya serikali kwa ajili ya tovuti ya huduma za umma, Mon service public, ikaitia Lasso ndani ya mtambo wake, na masharti ikayaruka. Mwaka 2011 ushirika ukaenda mahakamani. Mtu mdogo mbele ya mnyama wa namna hiyo! Mwaka 2021 mahakama ya rufaa ya Paris ilisema huu ni ugomvi wa mkataba tu, usihesabiwe kuwa uvunjaji wa hakimiliki. Wengine wangekunja faili na kurudi nyumbani. Wao walipanda mpaka mahakama ya juu kabisa, Cour de cassation, na tarehe 5 Oktoba 2022 hukumu ile ikabatilishwa. Tarehe 14 Februari 2024 mahakama ya rufaa ikaiamuru Orange kulipa euro 500,000 kwa hasara ya mapato, 150,000 kwa faida iliyoipata, na 150,000 kwa maumivu ya heshima. Jumla euro 800,000, bila gharama za kesi.

Sisemi kwamba Orange ya Kongo inatenda kosa hilo hapa. Nasema kwamba moja ya makampuni makubwa tunayoyaogopa hapa imebanwa na watu wachache wenye karatasi moja na subira ya miaka kumi na mitatu. Enyi mawakili, Maître wa Lubumbashi na Likasi, nyinyi mnaonukuu hukumu za Paris na Brussels kila mnaposimama mahakamani kutetea kodi za nyumba na viwanja, hizi mbona hamzinukuu?

Msiniambie sheria yetu haina pa kushika. Amri ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, kitabu cha tatu cha sheria yetu ya madai, ingali hai, na kifungu chake cha 33 kila mwanafunzi wa sheria anakikariri: makubaliano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa walioyafanya. Sheria hiyohiyo inatambua ahadi iliyowekwa kwa faida ya mtu wa tatu. Sasa shika GPL kwa mkono mwingine. Mtengenezaji wa simu alipoichukua Linux, alikubali kumpa msimbo mtu yeyote atakayeomba. Mtu wa tatu huyo ni nani kama si mnunuzi wetu? Hoja hii si ndoto yangu ya usiku. Oktoba 2021 shirika la Software Freedom Conservancy liliishtaki kampuni ya televisheni ya Vizio huko California, likisimama kama mnunuzi wa televisheni, si kama mwandishi wa programu. Vizio ilijaribu kuivuta kesi kwenye mahakama ya shirikisho, ikidai ni hakimiliki tupu. Mei 2022 jaji wa shirikisho akairudisha ilikotoka, kwa sababu ahadi ya kutoa msimbo ni wajibu wa kimkataba unaosimama kwa miguu yake. Hoja hiyo ikisikilizwa California, ambako sheria za mikataba zina mizizi ya Kiingereza, itashindwaje kusikilizwa Likasi, ambako mtu wa tatu ameandikwa ndani ya sheria tangu wakati wa mfalme Leopold?

Na kwa upande wa mwandishi tunayo sheria ya hakimiliki ya tarehe 5 Aprili 1986. Imeitangulia hata GPL yenyewe, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka 1989. Ni ya zamani, naam. Lakini inalinda kazi za akili, na haki ya mwandishi kutajwa jina lake ni moyo wa sheria yoyote ya ukoo huo.

Hapo kwenye jina nina neno na watu wa nyumbani. Shenzhen haiko peke yake. Wapo wauzaji wa programu hapa Katanga wanaochukua mfumo huria wa kusimamia shule au duka la dawa, kazi ya jasho la watu wengine, wanafuta majina ya waandishi ukurasa kwa ukurasa, wanabandika nembo yao, kisha wanaiuzia shule ya masista kwa dola elfu kadhaa kama kitu walichokizaa. Mwaka wa pili mfumo unagoma. Sista mkuu anaomba msaada, anaambiwa alipe upya. Anaomba msimbo ampe mtu mwingine autengeneze, anaambiwa ni siri ya kampuni. Siri gani? Siri ya mali ya watu mliyoipata bila senti moja, kwa sharti kwamba msiifiche! Mnatuaibisha. Mnalalamika kwamba wageni wanatunyonya, halafu mnamfanyia sista wa Likasi kilekile ambacho Edu4 ilikifanya Ufaransa.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya neno "ufundi". Inazijua simu zetu vizuri sana pale inapotaka. Mwaka 2020 ilianza kutukata salio kwa ajili ya RAM, lile daftari la simu za mkononi: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa simu ya 3G na 4G. Iliweza kujua simu ipi ni ipi, ya nani imelipa na ya nani haijalipa, mpaka kelele za wananchi zikaizima RAM hiyo mwaka 2022. Serikali yenye macho ya namna hiyo haiwezi kuniambia kwamba haioni kontena. Mamlaka ya mawasiliano, ARPTC, ndiyo inayotoa kibali cha vifaa kabla havijauzwa. Iongeze mstari kwenye fomu yake: msimbo wa programu zenye kopilefti unapatikana wapi, na nani ndani ya Kongo atauliza kwa niaba ya mnunuzi akinyimwa. Asiyejaza asipewe kibali. Na kila wizara, kila ofisi ya meya, kila hospitali ya serikali inayonunua mfumo, isipokee kazi wala isitie saini ya malipo kabla msimbo haujawekwa mezani. Kanuni ya Dijitali tuliyoipata tarehe 13 Machi 2023 itahitaji maagizo ya utekelezaji. Hayo yaandikwe na yawe na makali.

"Watu wa Kikula watafanya nini na msimbo?" Swali hili huulizwa na watu waliosoma, na ndilo linaloniudhi kuliko yote, maana ndani yake mna dharau. Mwaka 2003 iligundulika kwamba kifaa cha Wi-Fi cha Linksys, WRT54G, kinatumia Linux. Cisco ikabanwa, ikautoa msimbo. Mwaka uliofuata vijana wa kujitolea wakajenga juu yake OpenWrt, na mpaka leo vifaa vya intaneti vilivyotelekezwa na viwanda vyao vinafufuliwa nayo duniani kote. Mwaka huohuo wa 2004, huko Dar es Salaam, wataalamu wa mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Hawakupiga magoti mbele ya kampuni yoyote. Leseni ilikuwa imekwisha kuwaruhusu. Kiswahili kiliingia kwenye kompyuta kwa mlango huo. Fundi wa kioo cheupe angefanya nini na msimbo? Angeongeza dereva, akapata ujira wake, na mama yule angempigia mwanawe wa Kolwezi jioni ileile.

Kisha tazama upande mwingine wa maisha yetu. Wachimbaji wadogo wanabeba gunia mpaka kwa mnunuzi, na mnunuzi anaelekeza mashine wanayoiita Metorex. Mashine inasema kiwango cha shaba ni kadhaa, kobalti kadhaa, na bei inafuata hapo. Mchimbaji anaguna, anahisi ameibiwa, hana njia ya kuonyesha. Sijui ndani ya mashine zile mna programu ya leseni gani, na sidai kwamba zina GPL. Nadai kwamba mji unaokula kwa namba zinazotamkwa na mashine hauna haki ya kuuliza msimbo una faida gani.

Najua pia hofu ya wafanyabiashara, kwamba mlango huu utaleta watu wa kutoza pesa tu. Walikuwepo. Huko Ujerumani Patrick McHardy, aliyewahi kuwa katika timu ya netfilter, aliyaandama makampuni kwa madai ya fedha mpaka wenzake wakamsimamisha mwaka 2016. Mwaka mmoja kabla, Software Freedom Conservancy na Free Software Foundation walitangaza kanuni zao: lengo ni msimbo utolewe, fedha isiwe mbele, mahakama iwe hatua ya mwisho. Nazikubali kanuni hizo neno kwa neno. Hatutaki kufilisi duka la mtu. Atuletee msimbo, tumalizane.

Basi tuanze na barua. Mafundi wa Kikula, andikeni kwa yule aliyeingiza simu, kwa Kifaransa cha kawaida. Tajeni modeli na namba ya toleo la programu kama inavyoonekana kwenye Kuhusu simu. Andikeni kwamba ndani yake mna Linux chini ya GPL toleo la pili, na kwamba mnaomba, kwa kifungu cha 3, msimbo chanzo kamili wa toleo hilohilo pamoja na hati za kuujenga. Mseme mtalipia diski na usafiri. Wekeni muda wa kujibu, siku 30 zinatosha. Msiitume kwa WhatsApp peke yake. Ipelekeni kwa mkono kwenye ofisi yake Lubumbashi, nakala mbili, na ya kwenu igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Mpokeaji akikataa, mwiteni bailifu wa mahakama aiwasilishe. Siku ya 31, nakala yenye muhuri huo ndiyo karatasi ya kwanza wakili atakayowaomba.